Namna Victor Klemperer alivyonusurika akiwa ndani ya Ujerumani yenyewe

Mtu anayesoma habari za maangamizi ya Wayahudi chini ya utawala wa Manazi huzoea kukutana na njia tatu za kunusurika. Wapo waliokimbilia ng'ambo kabla mipaka haijafungwa, wapo waliofichwa na watu wema darini na maghalani, na wapo wachache waliotoka hai kambini. Maisha ya Victor Klemperer hayaingii katika njia yoyote kati ya hizo. Alikaa Dresden, mji wa Ujerumani ya mashariki, tangu siku Hitler aliposhika madaraka Januari 1933 hadi Februari 1945, miezi isiyofika mitatu kabla ya vita kwisha barani Ulaya. Hakujificha, kwa kuwa polisi walijua jina lake, nyumba aliyolala na saa aliyotakiwa kuwa ndani. Kuanzia Septemba 1941 alitembea barabarani na nyota ya njano iliyoshonwa kifuani, ili kila apitaye amtambue. Jinsi mtu wa namna hiyo alivyouona mwisho wa vita, tena akiwa ameandika shajara muda wote huo, ni fundo lisilofunguka mpaka tuelewe kwanza sheria, halafu ndoa, na mwisho usiku mmoja wa moto.

Klemperer alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1881 katika mji wa Landsberg an der Warthe, ambao leo umo ndani ya Poland na unaitwa Gorzów Wielkopolski. Baba yake, Wilhelm, alikuwa rabi, na baadaye familia ilihamia Berlin, ambako mzee huyo alihubiri katika jumuiya ya Wayahudi wa mrengo wa mageuzi. Watoto walilelewa wajione Wajerumani kamili. Kaka zake Georg na Felix walipanda hadi kuwa madaktari wa kutajika, na kiongozi wa orkesta Otto Klemperer alikuwa binamu yao. Victor mwenyewe alibatizwa Mprotestanti mwaka 1903, akarudia tena ubatizo mwaka 1912, na katikati, mwaka 1906, alimwoa Eva Schlemmer, mpiga piano aliyetoka katika familia ya Kiprotestanti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopiganwa alijitolea, akahudumu na mizinga upande wa magharibi, akapewa nishani ya Bavaria. Mwaka 1920 akawa profesa wa fasihi ya Kifaransa na lugha nyingine zilizotokana na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden.

Kwa hiyo, je, alikuwa Myahudi? Angeulizwa yeye mwenyewe mwaka 1930 angejibu kwamba ni Mjerumani, na jibu hilo angelitoa kwa moyo wake wote. Lakini sheria zilizotangazwa Nuremberg tarehe 15 Septemba 1935, pamoja na kanuni zilizofuata miezi miwili baadaye, hazikumwuliza mtu anaamini nini wala anajihesabu nani. Zilihesabu babu na bibi. Aliyekuwa na watatu au wanne waliokuwa wa dini ya Kiyahudi alitajwa kuwa Myahudi, na ubatizo wake haukufuta chochote. Hapa pana ukinzani unaopaswa kuangaliwa vizuri: watawala waliodai kwamba wanaongozwa na elimu ya damu hawakuwa na njia yoyote ya kuipima damu hiyo, wakalazimika kufungua vitabu vya sinagogi na vya kanisa ili wajue babu ya mtu alisali wapi. Dini ya wafu ndiyo iliyoamua hatima ya walio hai.

Mateso hayakumjia kwa kishindo. Sheria ya watumishi wa umma ya tarehe 7 Aprili 1933 iliwaondoa Wayahudi kazini, lakini iliwaacha kwa muda wale waliopigana vitani, naye akawa miongoni mwao. Akaendelea kufundisha darasa lililopungua muhula hata muhula, na mwishoni mwa Aprili 1935 barua ya kumwachisha kazi ikafika nyumbani kwa posta. Wakati huo yeye na Eva walikuwa wameshajenga nyumba ndogo huko Dölzschen, juu ya kilima pembezoni mwa Dresden, kwa sababu Eva alitamani bustani kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 54, Klemperer alijifunza kuendesha gari na kununua Opel iliyokwisha kutumika. Wengi wanaosoma shajara yake leo hushangaa: mtu anajenga nyumba na kununua gari wakati moto umeshafika uani? Mimi sioni haki ya kumlaumu. Hakuwa na uhakika kwamba utawala ule ungedumu, alikuwa na zaidi ya miaka 50, hakuwa hodari wa kuzungumza Kiingereza, na ujuzi wake wote ulikuwa katika fani ambayo nchi za kukimbilia hazikuwa na upungufu wake. Kaka yake Georg alikuwa ameshahamia Marekani na alimhimiza amfuate. Alipokubali kwa dhati kutafuta njia, njia zilikuwa zimeziba, na Oktoba 1941 Wayahudi wakakatazwa kabisa kuhama Ujerumani.

Ipo pia sababu ya ndani zaidi, ambayo alikuwa akiirudia katika shajara. Aliona kwamba Mjerumani wa kweli ni yeye, na kwamba Manazi ndio walioacha kuwa Wajerumani. Kuondoka kungekuwa kuwaachia jina.

Kuanzia mwisho wa 1938 amri zilifuatana. Mwanzoni mwa Desemba alinyang'anywa leseni ya udereva, na mlango wa maktaba ukafungwa kwake, jambo ambalo kwa msomi ni sawa na seremala kupokonywa randa na msumeno. Kuanzia Januari 1939 kila mwanamume Myahudi alilazimika kuongeza jina la Israel katika jina lake. Vita vilipoanza, redio zilichukuliwa. Mei 1940 yeye na Eva walitolewa katika nyumba waliyoijenga na kuhamishiwa katika moja ya zile zilizoitwa nyumba za Wayahudi, ambamo watu walirundikwa chumba kwa chumba na polisi wa siri, yaani Gestapo, waliingia kupekua, kupiga na kutemea watu mate. Mwaka 1941 alifungwa siku nane kwa kuwa usiku mmoja alisahau kuliziba dirisha lake wakati wa amri ya giza, iliyotaka mwanga usionekane na ndege za adui. Kilichomtesa zaidi huko kilikuwa kukosa miwani na kitabu. Alipopewa penseli, aliandika baadaye, alijiona kama mtu anayepanda kutoka kuzimu akiishika penseli hiyo.

Katika shajara ya tarehe 2 Juni 1942 aliziorodhesha amri zilizokuwa zikimbana, akafika vipengele 31. Asipande basi, asinunue maua, asivute tumbaku, asikae bustanini, asiwe na taipu, asifuge mnyama. Amri hiyo ya wanyama ilikuwa imetoka wiki chache tu kabla. Eva na Victor hawakuwa na mtoto, na paka wao dume, Muschel, alikuwa ameishi nao miaka mingi. Hawakuruhusiwa kumpa mtu mwingine, maana paka wa Myahudi alihesabiwa amechafuka. Walimlisha nyama ya ndama, tunu isiyopatikana kwa kadi zao za chakula, kisha Eva akambeba kwenda naye kwa daktari wa mifugo ili auawe bila maumivu. Habari ya paka yaweza kuonekana ndogo mbele ya mamilioni waliouawa. Klemperer mwenyewe alikuwa na mawazo kama hayo, lakini aliamini kwamba watu wengine watayaandika mambo makubwa, na kwamba wajibu wake ni kuandika jinsi udhalimu unavyofika jikoni na kitandani. Kuumwa na mbu elfu, alisema, ni kubaya kuliko pigo moja la kichwa.

Tuje sasa kwenye fundo lenyewe. Mapema 1942 Wayahudi wa Dresden walianza kusafirishwa, wengine kwenda Riga, wazee kwenda kambi ya Theresienstadt, na Machi 1943 waliokuwa wamekusanywa katika kambi ya Hellerberg, kandokando ya mji, walipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kila mara jina la Klemperer halikuwamo. Sababu ilikuwa karatasi moja tu: hati yake ya ndoa. Aliyeoa au kuolewa na mtu aliyehesabiwa kuwa Mwarya, yaani kwa lugha ya Manazi Mjerumani asiye na asili ya Kiyahudi, aliachwa kwanza, si kwa huruma, bali kwa sababu nyuma ya kila ndoa ya mseto walikuwapo wakwe, mashemeji, askari waliokuwa vitani, na watawala hawakutaka minong'ono katika familia za Kijerumani. Suala hilo lilijadiliwa katika mkutano wa Wannsee, ambako maofisa wa Manazi walipanga maangamizi, Januari 1942 bila kupata uamuzi. Mwaka mmoja baadaye, Wayahudi wa Berlin walipokamatwa viwandani na kuzuiliwa katika jengo la mtaa wa Rosenstrasse, wake zao walisimama nje kwa siku kadhaa wakidai waume zao, na waume wakaachiliwa. Wanahistoria bado wanabishana kama kilio cha wanawake ndicho kilichowafungulia au mpango ulikuwa hivyo tangu mwanzo, lakini woga wa watawala kwa jambo la namna hiyo unaonekana wazi.

Ndoa hizo nazo hazikuwa sawa. Mwishoni mwa 1938 ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilipewa upendeleo: watoto wakilelewa nje ya dini ya Kiyahudi, au, kama hakuna watoto, mume akiwa Mwarya na mke akiwa Myahudi, basi hapakuwa na nyota wala kuhamishwa nyumba. Fungu la pili halikupata hata hilo. Klemperer aliangukia la pili, kwa kuwa Myahudi alikuwa mume na watoto hawakuwapo. Kwa hiyo nyota alivaa, nyumba ya Wayahudi aliishi, theluji alizoa barabarani kwa kazi ya shuruti akiwa na zaidi ya miaka 60 na moyo mgonjwa, na viwandani alifanya kazi. Lakini gari la moshi la kwenda mashariki halikumchukua.

Maana ya hayo yote kwa Eva haikuhitaji kufafanuliwa. Angetoa talaka, jambo ambalo mahakama zilikuwa tayari kulikubali upesi, mume wake angesafirishwa katika kundi lililofuata. Angekufa kwa maradhi, matokeo yangekuwa yaleyale. Naye alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na dhaifu. Alikuwa na kadi ya chakula isiyopigwa herufi J ya kumtambulisha Myahudi, akapanga foleni kwa ajili ya wawili. Gestapo walimtukana kwa majina machafu kuliko waliyomtukania mumewe, kwa kuwa machoni pao yeye alikuwa msaliti wa damu yake. Alivumilia.

Na kulikuwa na kazi nyingine, ya hatari kuliko zote. Klemperer aliandika shajara karibu kila siku, kwa mkono baada ya taipu kuchukuliwa, na kila karatasi iliyojaa ilikuwa hukumu ya kifo si kwake peke yake, bali kwa kila aliyetajwa humo. Karatasi hizo hazikuweza kukaa katika nyumba iliyopekuliwa wakati wowote. Kila baada ya muda Eva alizichukua, akapanda gari la moshi ambalo mumewe alikatazwa kulipanda, akazipeleka Pirna, mji mdogo ulioko juu kidogo ya mto Elbe, kwa rafiki yao daktari Annemarie Köhler, aliyezificha katika hospitali yake. Hiyo ndiyo sababu tunazo leo.

Ndani ya kurasa hizo alikuwa akifanya uchunguzi wa pekee. Kwa vile vitabu alinyimwa, aligeuza kuwa vitabu mambo yaliyobaki mbele ya macho na masikio yake: matangazo ya vifo gazetini, hotuba zilizosikika kupitia vipaza sauti, mazungumzo ya kiwandani, maneno yaliyoandikwa kwenye mabango. Aliuita uchunguzi huo LTI, kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya lugha ya Utawala wa Tatu, yaani utawala wa Manazi, ili mpekuzi asielewe, na pia kuuigiza ugonjwa wa Manazi wa kufupisha kila jina. Alilinganisha lugha hiyo na dozi ndogondogo za aseniki: mtu humeza bila kujua, haoni dalili yoyote, kumbe sumu inakusanyika.

Mfano mmoja alioushughulikia sana ni neno la Kijerumani linalomtaja mtu aliyepofushwa na itikadi yake. Kiswahili kina bahati ya kutenganisha mambo mawili hapa: mshupavu tunamsifu, na mwenye siasa kali tunamwogopa. Manazi walilichukua neno la pili wakalitumia mahali pa la kwanza. Askari alisifiwa kwa imani yake iliyopofuka, mama kwa upendo uliopofuka, hadi neno likapoteza ukali wake na watu wakalitamka bila kusita. Vivyo hivyo mauaji yaliitwa kushughulikiwa kwa namna maalumu, na kupelekwa kufa kukaitwa kuhamishwa. Anayeyatumia maneno hayo kila siku, Klemperer aliona, huishia kufikiri kwa niaba ya Manazi hata kama anawachukia.

Kisa cha kiwandani kinaonyesha jambo hilo kuliko ufafanuzi wowote. Katika kiwanda cha bahasha alifanya kazi karibu na mwanamke wa Kijerumani ambaye, kinyume cha amri, alizungumza naye na kumwuliza hali ya mkewe mgonjwa. Asubuhi moja Klemperer alikuta tofaa kubwa juu ya mashine yake. Mwanamke akamwambia ni la mama aliyeko nyumbani, yaani mkewe, pamoja na salamu. Kisha, kwa udadisi usio na ubaya, akauliza kama ilivyosemwa na mwenzao ni kweli: je, mke wako ni Mjerumani? Furaha ya tofaa ikamtoka palepale. Mwanamke huyu hakuwa Mnazi, alikuwa amehatarisha usalama wake kwa ajili ya watu wawili asiowajua vizuri, lakini kichwani mwake tayari Mjerumani na Mwarya yalikuwa neno moja, na mtu aliyesimama mbele yake, mwenye nishani ya vita na lafudhi ya Berlin, hakuwa tena mwananchi mwenzake. Sumu ilikuwa imeingia katika moyo mwema.

Mwanzoni mwa 1945 kinga ya ndoa ilivunjwa. Amri ilitoka Berlin kwamba hata Wayahudi wa ndoa za mseto, wanaoweza kufanya kazi, wasafirishwe. Jumanne ya tarehe 13 Februari Klemperer alipewa barua awagawie Wayahudi wachache waliobaki Dresden: wafike Ijumaa wakiwa na mzigo wa mkononi. Jina lake halikuwa katika orodha ya siku hiyo, lakini hakutarajia kuishi zaidi ya siku chache baada yao. Aligonga mlango mmoja baada ya mwingine akiwakabidhi majirani zake karatasi ambayo kila mmoja aliielewa maana yake, wakiwamo mama wenye watoto.

Usiku uleule ndege za Uingereza zilifika, zikafuatwa na za Marekani mchana wa pili, na Dresden ikaungua. Watu wapatao 25,000 walikufa. Katika kishindo hicho Klemperer aliumia karibu na jicho, akapotezana na Eva, akapita kati ya moto hadi kwenye baraza refu la mawe linaloangalia mto Elbe. Kulipopambazuka alimkuta mkewe huko ameketi juu ya mzigo wake. Eva alichukua kisu kidogo cha mfukoni akaikata ile nyota kwenye koti la mumewe. Jengo la Gestapo na orodha zake lilikuwa limeungua. Moto uliowateketeza maelfu ya wakazi wa mji, watoto wasio na hatia wakiwamo, ndio uliowafuta watu waliokuwa wasafirishwe Ijumaa katika vitabu vya wauaji wao. Klemperer hakuligeuza jambo hilo kuwa hesabu ya faida na hasara, na sidhani kama iko namna ya kulihesabu. Ni mambo mawili ya kweli, na yote mawili hukaa pamoja bila kupatana.

Kuanzia hapo walikimbia kama Wajerumani waliochomewa nyumba, wakisema kwamba hati zao zimeungua. Walipita kijiji cha Piskowitz kwa aliyewahi kuwa mtumishi wao, wakaenda Falkenstein kwa rafiki mwenye duka la dawa, na huko jina la Klemperer, kwa nukta moja na mkwaju mmoja wa kalamu, likageuka kusomeka Kleinpeter. Majeshi ya Marekani yaliwakuta katika kijiji cha Unterbernbach huko Bavaria. Juni 1945 walirudi Dölzschen, sehemu kubwa ya njia wakitembea kwa miguu.

Huko Bavaria alikutana na mkimbizi mwenzake, mwanamke mfanyakazi kutoka Berlin, aliyekuwa amefungwa chini ya Manazi. Alipomwuliza kwa kosa gani, akajibu kwa lafudhi ya mjini kwao: kwa sababu ya maneno. Alikuwa amemsema vibaya Hitler. Klemperer alieleza baadaye kwamba jibu hilo ndilo lililomwonyesha kuwa maelezo yake kuhusu lugha yafaa kuwa kitabu. Kilichapishwa Berlin mwaka 1947 kwa jina lilelile la LTI.

Miaka yake ya baada ya vita ina utata wake. Alijiunga na chama cha kikomunisti Novemba 1945, akarudishiwa heshima, akafundisha Greifswald, Halle na Berlin, akawa mbunge katika Ujerumani Mashariki. Wakati huohuo aliendelea kuandika shajara kwa siri, na humo alianza kuorodhesha maneno ya utawala mpya yaliyomkumbusha ya ule wa zamani, akayaita LQI, yaani lugha ya utawala wa nne. Alifariki Dresden tarehe 11 Februari 1960. Shajara za miaka ya Manazi zilitoka mwaka 1995 tu, baada ya nchi aliyokuwa mbunge wake kutoweka, na ndizo zilizomfanya ajulikane kote.

Eva alikuwa amefariki Julai 1951. Katika kurasa za mwanzo za LTI mumewe alieleza kwamba ushujaa wa kweli wa miaka ile aliuona kwa wake waliokataa kuwaacha waume zao Wayahudi, watu ambao hakuna gwaride lililowasifu. Kabla ya hapo aliweka barua fupi ya kutabaruku, iliyoandikwa Krismasi ya 1946, akimwambia Eva kwamba bila yeye kitabu hiki kisingekuwapo, na mwandishi wake naye angekuwa ameshatoweka zamani.